Mama Bolboli

Tusi lisiloeleweka na yeyote anayelisikia, ni tusi? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi juma zima kabla fundi hajaanza kuandika ukuta wa mwalimu wangu. Nililigeuza upande huu na upande ule, kama mtu anayekaanga sato kwenye mafuta machache. Nikisema si tusi, basi mama yangu kule Magu hajawahi kutukanwa, na mimi nimelea chuki ya bure. Nikisema ni tusi, basi kisasi changu kimeshaiva, na kilichobaki ni kunyamaza tu mpaka rangi ikauke. Kunyamaza, na kupata kazi.

Nieleze kwanza neno lililoanzisha yote.

Mwaka wa kwanza chuoni, hapahapa Mwanza, tulikuwa na kipindi cha istilahi za kitabibu. Mwalimu wa kipindi hicho alipenda kumsimamisha mwanafunzi asome kwa sauti maneno ya ubaoni. Zamu yangu iliangukia mfumo wa chakula. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye neno la mngurumo wa tumbo, ule unaosikika mtu akiwa na njaa. Kitaalamu ni borborigmasi. Kinywa changu kimelelewa na Kisukuma, na katika Kisukuma cha nyumbani r haina makao. Kwetu tunasema kalibu, tunasema balabala, na sijaona mtu aliyekosa nyumba wala njia kwa sababu hiyo. Nikajitahidi. Ikatoka bolboligimasi.

"Ngoja, ngoja," mwalimu akasema. "Rudia."

"Bolboligimasi."

"Jamani, tumepata ugonjwa mpya! Huu unaletwa na kula michembe bila kunywa maji." Darasa likaangua kicheko, maana michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndicho chakula cha kwetu. "Kaa chini, Bolboli. Kesho utamwambia mgonjwa anahala badala ya anahara, akuulize kuhala ni nini."

Nilikaa. Nilicheka na mimi, kwa sababu asiyecheka katika hali ile anachekwa mara mbili.

Jina likanikaa. Lilikuwa kwenye foleni ya chakula, kwenye hosteli, kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwalimu mwenyewe aliliita kila alipochukua mahudhurio, akisimama kidogo kabla ya kulitamka ili watu wajiandae kucheka. Mimi ni mtu wa kuwaza sana, na kuwaza kwangu kulinipeleka mahali pa ajabu. Nilianza kuyakwepa maneno yenye r. Karatasi ikawa "ile ya kuandikia." Habari za asubuhi ikawa "mambo." Napenda juisi ya parachichi kuliko kinywaji chochote, lakini miaka yote ya chuo nilikunywa ya embe. Mtu akiniuliza natoka wapi, nilishukuru Mungu kwamba Magu haina r.

Hayo ya kwangu ningeyameza. Ya mama yalinikwama.

Siku ya mahafali mama alikuja mapema, kavaa kitenge kipya, kabeba kikapu. Ndani ya kikapu alikuwemo jogoo mwekundu, kafungwa miguu. Kwetu huendi kumshukuru aliyemfundisha mwanao mikono ikiwa mitupu. Baada ya sherehe tukamkuta mwalimu kwenye viwanja, kazungukwa na wenzangu waliovaa majoho. Nikamwambia huyu ni mama yangu.

"Kumbe!" akasema, akatandaza mikono. "Kumbe ndiye aliyetuletea Bolboli! Hongera sana, Mama Bolboli!"

Wenzangu wakacheka. Mama akatazama zile nyuso zinazocheka na akaona furaha. Akapiga goti, akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu," akasema, "kwa kumpa mwanangu cheo."

Wakacheka tena, zaidi. Na mimi, Mungu ananiona, sikuweza kufungua mdomo.

Alirudi Magu na cheo changu. Aliwaambia wauza mchele wenzake sokoni: madaktari wako wengi, Bolboli ni mmoja. Wakaanza kumwita Mama Bolboli. Kanisani mwenye zamu ya matangazo alisimama akasema Mama Bolboli atatoa shukrani, na mama akasimama, kanyooka kama mti wa mlingoti. Kila nilipompigia simu niliwasikia watu wakimwita kwa mbali, na yeye akiitikia kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Watu wengine wakichukia huenda kwa mganga. Mimi nilikwenda kwenye kamusi.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya maabara na sina kazi. Nilikaa kwa mama mdogo mtaani Kiseke, hapahapa Mwanza, nikiwafundisha biolojia watoto wa kidato cha nne majira ya jioni. Mchana ulikuwa mrefu. Nikaanza kuyachimba yale maneno ya Kigiriki, moja moja. Sikuyachimba kwa kuyapenda. Mwalimu alikuwa amenitafutia neno langu, nami nilikuwa namtafutia lake.

Yapo niliyoyaokota nikayatupa. Alopeshia, kunyonyoka nywele, linatokana na mbweha, kwa sababu mbweha akipata upele manyoya humtoka. Mwalimu alikuwa na upara. Lakini upara si kosa la mtu, hata babu yangu anao, nikaliacha. Kiliniki linatokana na kitanda. Kokiksi, kile kifupa cha mwisho kwenye makalio, ni jina la ndege, na ndege huyo alipewa jina kutokana na mlio wake. Mengine yalinikumbusha mafunzo ya vitendo ufukweni, tulipokuwa tunapima kichocho kwa watoto wanaoogelea ziwani. Kutwa nzima tulikuwa tunataja skistosoma, bila kujua kwamba tunasema "mwili uliopasuka." Soma kwa Wagiriki ni mwili. Kwetu ni amri ya mzazi.

Halafu nikalifikia la kwangu. Borborigmasi halikutungwa na msomi yeyote. Mgiriki wa kale alisikiliza tumbo lake, akasikia bor-bor, akalisema alivyolisikia. Basi. Ni mlio tu, kama sisi tunavyosema chubwi jiwe likitumbukia majini. Tumbo la Mgiriki lilisema bor. La kwangu linasema bol. Nani wa kulisahihisha tumbo? Na Wagiriki hao hao walipowasikia watu wa lugha nyingine wakiongea, hawakusikia kitu ila bar-bar-bar, wakawaita barbaroi, na dunia ikapata neno la mshenzi. Nililisoma hilo nimesimama. Nikaendelea kutafuta, nikagundua kwamba hata kwao walikuwepo watu wa kuweka l mahali pa r. Wakaupa mchezo huo jina kutokana na herufi yao ya l, lambda: lambdasizimu. Kumbe nilikuwa na wenzangu tangu zamani zile. Sikufurahi, lakini niliacha kuinamisha kichwa.

Lililonikolea zaidi lilikuwa neno la nyama. Uvimbe mbaya unaoota kwenye misuli unaitwa sarkoma, kutokana na nyama. Kutoka mzizi huohuo Wagiriki walipata neno la kejeli, na maana yake ya awali ni kurarua nyama, kama mbwa wanavyofanya. Nilifikiri juu ya hilo siku nyingi. Watu wa chuoni walikuwa wakiniambia, "Ah, mwalimu anatania tu." Mimi najua utani. Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba wenu kajivika matambara, akajilaza juu ya kaburi, akadai alipwe ndipo ainuke, na hakuna atakayemkasirikia, kwa sababu siku ya msiba wake na wewe utakwenda. Utani una marudio. Nilichofanyiwa mimi hakikuwa na marudio. Mwalimu mbele ya darasa harudishiwi neno. Ile ilikuwa nyama inararuliwa.

Ndipo nikakutana na ozaina.

Ni ugonjwa wa pua. Ndani ya pua hukauka, hufanya magamba, na magamba yale hutoa uvundo mkali. Jina lenyewe linatokana na kunuka. Lakini kilichonifanya nishike mdomo ni jambo moja: mgonjwa wa ozaina mara nyingi hupoteza uwezo wa kunusa. Uvundo ni wake, na yeye hausikii. Wanaomzunguka ndio wanaoteseka, wakisogeza viti, wakitafuta sababu ya kuondoka, na yeye anashangaa kwa nini watu wana haraka.

Nikajua nimempata.

Sikuwa na pa kulitumia, nikaliweka tu. Kisha mwalimu akastaafu, na siku moja akaandika kwenye lile kundi la WhatsApp: "Wanangu, najenga kliniki mbele ya nyumba yangu Kiseke. Nataka jina la kisomi, la Kigiriki, ambalo Mwanza nzima halipo. Leteni. Bolboli, upo? Usituletee ya michembe."

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Nikaandika herufi kubwa, OZAINA, nikaweka simu chini. Haikuchukua muda ikaita.

"Bolboli!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hili neno ni la kweli au umejitungia?"

"La kweli. La zamani sana."

"Linahusu nini?"

Hapo nilitaka kukata simu. "Linahusu namna kitu kinavyonukia, mwalimu," nikasema, nikilikwepa hata pale neno lenye r.

"Manukato!" akasema. "Safi sana! Zahanati zote za siku hizi zinanuka dawa na mikojo. Ya kwetu inukie. Halafu lina zaina ndani yake, kama jina la binti mzuri. Ozaina Kliniki! Umekua, Bolboli. Hivi kazi umepata?"

"Bado."

"Mtu wa maabara sijampata. Tukifungua, njoo na vyeti vyako."

Sikumdanganya. Alijidanganya mwenyewe, mimi nilimwachia nafasi. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara moyo uliuliza swali jingine. Je, akilitafuta kwenye simu? Nikalitafuta kama ambavyo angelitafuta yeye, kwa tahajia ileile. Nikapata picha za wasichana na saluni moja. Je, akitokea daktari wa pua na masikio akausoma ukuta? Angecheka kimoyomoyo na kupita. Je, wagonjwa? Wangekuja kulala kwenye Ozaina Kliniki, yaani kitanda kinachonuka, na wangepona au wasipone bila kujua. Mji mzima ungelitamka kwa heshima, na mimi ningekaa ndani, kwenye maabara, nikichekea darubini.

Lakini hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kama neno lisiloeleweka linaweza kumdhalilisha mwalimu, basi na mama amedhalilishwa, na kila siku mpya sokoni anadhalilishwa upya. Na kama haliwezi, basi nitakuwa nimeandika nini kwenye ukuta ule? Nikawa nataka yote mawili: mama awe mzima na mwalimu awe ameumia. Neno halikunipa yote mawili.

Nikaenda Magu kumwambia mama habari za kazi. Nilimkuta uani anapepeta mchele, na habari alikuwa nazo tayari kutoka kwa mama mdogo.

"Kalibu, Bolboli wangu!" akasema bila kuacha kupepeta. "Umekuja wakati mzuli. Yule jilani yetu wa kwaya, binti yake kajifungua. Wanataka kumpa mtoto jina lako."

"Jina langu lipi?"

"Lipi tena? Bolboli. Jumapili anabatizwa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine kabisa. Nikamwona akilini yule mtoto, anakua, anakwenda shule, anasimama mbele ya mwalimu aliyewahi kusoma neno lile.

"Mama, Bolboli si cheo."

"Ni nini?"

"Ni tumbo linavyonguluma. Nilishindwa kulitamka dalasani, mwalimu akaniita hivyo kunicheka."

Ungo ukasimama. Kuku walikuwa wanasogea kwenye chenga, na mama hakuwafukuza.

"Tumbo?"

"Tumbo."

"Kwa hiyo siku ile, wale watoto wenye majoho, walikuwa wanacheka nini?"

Niliinama kufukuza kuku.

"Na mimi nikapiga goti," akasema.

Nilidhani atalia, nikaanza kulia mimi kwanza. Lakini alipoinua uso niliona ile chuki niliyokuwa naiona kwenye kioo changu miaka yote ile, nikajua niliitoa wapi.

"Kuitwa mama wa tumbo si kitu," akasema. "Kila mama ni wa tumbo. Wewe ulitoka kwenye gunia? Lakini jogoo wangu!"

"Mama..."

"Yule jogoo mwekundu alikuwa anawika kabla ya majogoo wa mtaa mzima. Mnadani walimtaka, nikakataa. Nikambeba mpaka Mwanza nimpe mtu anayenicheka. Mwambie jogoo aludi."

"Atakuwa ameshaliwa, mama."

"Basi aludi mwingine."

Nikamweleza na habari ya ozaina, yote, mpaka magamba. Nilitegemea atafurahi. Alisikiliza huku anaokota mawe kwenye mchele.

"Na yeye anajua?"

"Hajui. Ndiyo utamu wake."

"Utamu gani?" akasema. "Mimi nilikuwa sijui, na nilikuwa nafulahi. Naitwa sokoni, naitika. Na yeye atafulahi hivyohivyo. Atazeeka anafulahi. Hapo umemlipa nini?"

Chuo kizima, miaka yote, kilinifundisha kufikiri, na sikuwahi kulifikia hilo.

"Nikimwambia, kazi sipati."

"Kazi ni yako," mama akasema, akaanza kupepeta tena. "Mimi nataka jogoo."

Siku ya kuandika ukuta, nilikwenda mapema nikiwa bado sijaamua. Nasema kweli. Nilikuwa na vyeti kwenye bahasha mkono mmoja, na maneno ya mama kichwani. Kliniki ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, geti la nyumba ya mwalimu liko pembeni yake, wazi. Fundi alikuwa mzee wa mjini, kavaa kofia ya kufuma, mtu aliyeandika milango ya maduka ya Nyamagana tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa amemaliza kuchora kwa chaki na ameanza kujaza rangi ya bluu. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimesimama sawasawa kama watoto wa gwaride.

KALIBUNI OZAINA KLINIKI, zilisomeka. Chini yake: MAABALA YA KISASA.

Nilizisoma nikahisi tumbo linanguruma.

Mwalimu akatoka getini na mkewe, nyuma yao wauguzi wawili aliowaajiri na majirani waliokuja kutazama. Akasimama mbele ya ukuta. Nikakiona kile kituo kidogo, kile alichokuwa anakifanya kabla ya kuliita jina langu kwenye mahudhurio.

"Mzee wangu," akasema, "hebu nisomee hapa."

"Kalibuni Ozaina Kliniki," fundi akasoma.

"Rudia."

"Kalibuni, bosi."

"Ka-li-bu-ni!" Mwalimu akageukia watu. "Na hapo chini, maabala! Maabala ni kitu gani, mzee? Ni balaa la nani?" Wauguzi wakacheka, majirani wakafuata. Ndipo akaniona. "Eeh! Bolboli, njoo uone, ndugu yako huyu! Tumepata Bolboli wa pili!"

"Unisamehe, bosi," fundi akasema. "Maneno ulinipa kwa simu, niliandika nilivyoyasikia." Akatabasamu huku kashika brashi, rangi inamdondokea kiatuni. Lile tabasamu nalijua. Nimelivaa miaka.

Nikaamua. Halikuwa jambo la kishujaa. Ilikuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani kutoka ziwani, shingo ikakataa.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Msahihishie mzee huyu, wewe ulishapitia huko."

"Kwenye ukuta huu kuna neno moja tu baya," nikasema, "na halina l wala r."

Akatazama ukuta. Watu wakatazama ukuta. Niliona midomo inasogea, wanatafuta.

"Ozaina," nikasema. "Maana yake ni halufu." Niliisikia l yangu ikitoka, nikaiacha, nikairudia kwa sauti zaidi. "Halufu mbaya, mwalimu. Uvundo. Ni ugonjwa wa pua inayooza kwa ndani. Na anayeuugua mara nyingi haunusi uvundo wake, wanaokaa naye ndio wanaunusa. Na kliniki asili yake ni kitanda. Umeandika kwamba watu waje walale kwenye kitanda kinachonuka. Jina nilikuchagulia mimi, kwa makusudi, kwa sababu linakufaa."

Muuguzi mmoja alicheka kicheko kifupi, akakifunika kwa mkono. Mwalimu hakucheka. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu, na mimi nilisimama pale nikakitazama kile kimya, nikakinywa chote. Sitasema uongo kwamba nilimhurumia. Nilitamani kidumu.

"Si ulisema ni manukato?" mkewe akamuuliza.

"Yeye ndiye alisema ni manukato, mama," nikamwambia. "Mimi nilisema linahusu namna kitu kinavyonukia. Hakuniuliza vibaya au vizuli. Na jina lingine pia nilieleze, la Bolboli. Ni mlio wa tumbo. Mwalimu alimwita mama yangu hivyo mbele ya watu, naye akapiga goti akatoa zawadi. Mama ndiyo kwanza amejua."

"Kazi umeikosa," mwalimu akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. "Unasikia? Mwanza hii hutaajiriwa na mtu ninayemfahamu."

"Nasikia, mwalimu. Sikuja kwa ajili ya kazi." Nilipolisema hilo ndipo likawa kweli. "Nimetumwa. Mama anataka jogoo wake."

"Jogoo gani?"

"Mwekundu. Wa siku ya mahafali."

"Mnaleta ujinga nyumbani kwangu. Jogoo wa miaka hiyo..."

"Yule mwekundu?" mkewe akadakia. "Si yule pale?" Akanyoosha kidole ndani ya geti. Kwenye kivuli cha tangi la maji alisimama jogoo mwekundu, mnene, shingo imevimba kwa enzi. "Nilikataa achinjwe. Anawika kuliko wote mtaani."

Nikaingia getini. Hakuna aliyenizuia. Kumkamata haikuwa kazi nyepesi, alinikimbia kuzunguka tangi, akapita chini ya gari, akaniangushia ndoo, na bahasha ya vyeti vyangu ilianguka kwenye matope ya bomba. Wauguzi waliacha kujificha, wakacheka wazi, na mara hii kicheko hakikunichoma mahali popote. Mke wa mwalimu ndiye aliyemziba njia mwishowe kwa kutandaza khanga yake. Nikamkumbatia jogoo, nikamfunga miguu kwa kamba aliyonipa.

Nilipotoka, fundi alikuwa bado kasimama na brashi.

"Sasa bosi," akamuuliza mwalimu, "nifute au niache? Maana langi inakauka."

Mwalimu alikuwa anautazama ukuta.

Nilishuka mpaka barabarani. Kwenye kibanda cha juisi nilisimama, nikamwambia dada wa pale nataka ya palachichi, glasi kubwa. Akanimiminia bila kunitazama mara mbili. Nikanywa jogoo akiwa kwapani, kisha nikampigia mama.

"Nakuja na basi la mchana," nikamwambia. "Jogoo yupo. Mzima. Ni yuleyule."

Nyuma yake nilisikia soko.

"Unasema kweli?" akauliza. "Analudi?"

"Analudi," nikasema.